Wakuu mlioko Uholanzi, hivi hili povu la bia ni utaratibu au ni wizi?

Mgeni_wa_Tilburg

Wakuu habari zenu. Nina mwezi wa pili hapa Tilburg, nimekuja masomo. Ijumaa iliyopita wenzangu wa maabara wakanivuta kwenye kitu chao wanaita vrijmibo, yaani ni kifupi cha "borrel ya Ijumaa mchana", na borrel yenyewe ni ule unywaji wa kukaa mnapiga stori na vitafunwa. Saa kumi jioni watu wanafunga laptopu utadhani kengele ya shule imelia. Haya, tumefika, bia ikaja kwenye kiglasi kidogo hata sijui nikiiteje, halafu juu povu limejaa, sio utani! Na nikamwona kwa macho yangu haya yule kaka wa kaunta anachukua kamwiko ka plastiki anafyeka juu ya glasi, vitu vinaangukia kwenye sinki. Bia yangu inamwagwa naangalia halafu nalipa euro 3.50. Nikamwambia taratibu tu, kaka niongezee ijae, jamani kaunta nzima ikanigeukia kama nimemtukania mtu mama yake.

Nikaamua nisinunue tena, nikakaa na wenzangu, wao wakawa wanaleta tu glasi mezani kwa trei, nikanywa kama nne hivi nikaaga nikaenda zangu. Jumatatu kazini naona wamepoa kidogo, labda ni mimi tu nawaza sana.

Sasa naulizeni, hilo povu ni halali? Na hivi nchi hii ina bia nyingine au ni hii hii ya njano kila kona?

Kaunta_Utrecht

Mkuu karibu, ngoja nikutoe tongotongo maana mi nina mwaka wa tatu nafanya wikendi kwenye bruin café moja hapa Utrecht. Bruin café ni zile baa za zamani mbao nyeusi, dari la kahawia kwa moshi wa sigara wa miaka na miaka, ingawa uvutaji ndani ulikatazwa 2008 rangi imebaki.

Kwanza glasi inasuuzwa maji ya baridi hata kama ilikuwa safi, hiyo inaipoza na bia inateleza vizuri. Unainamisha glasi, bomba unafungua LOTE kwa mkupuo mmoja, ukifungua nusunusu kwa uoga unapata povu tupu, siku yangu ya kwanza nilimwaga nusu pipa bosi akanitazama tu. Mwishoni unanyoosha glasi povu lipande, halafu ndio huo mwiko, unakuwa umeloweshwa, unakata yale mapovu makubwa ya juu. Hayo makubwa ni hewa tu mkuu, yanapasuka haraka na yakipasuka yanaangusha na madogo. Linalobaki ni povu zito kama krimu, kipimo chake vidole viwili ukivilaza kwenye glasi. Lile ndio kifuniko cha bia, gesi haitoroki, hewa haigusi bia, na harufu ya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, inakaa hapo hapo puani. Bia isiyo na povu hapa inaitwa imekufa, mteja anairudisha. Kwahiyo ulipoomba ujaziwe mpaka juu uliomba bia iliyokufa, ndio maana wakakugeukia 😂

Udogo wa glasi nao una sababu. Ile nyembamba ni fluitje, sentilita 20 hivi, ile iliyopanuka juu ni vaasje, 25. Pilsi, yaani hiyo hiyo ya njano, inanyweka ikiwa baridi sana, ukipewa nusu lita mpaka ufike chini imeshakuwa supu. Unakunywa kidogo baridi, unaleta nyingine.

Na hiyo "unaleta nyingine" ndio imenifanya niandike. Hizo trei zilizokuwa zinakuja mezani, nani alikuwa analipa? Hiyo inaitwa rondje. Mmoja anasimama ananunulia meza nzima, kisha mwingine, kisha mwingine. Hakuna atakayekuambia "zamu yako", ila kila mtu anahesabu kichwani. Wewe umekunywa raundi nne za watu ukaondoka. Mkuu hukuibiwa povu, wewe ndio uliiba bia.

Mgeni_wa_Tilburg

Aisee. Nimesoma hii nimeshika kichwa. Nilidhani ni ofa!!

Limburg_Kusini

Hahaha pole kaka, wengi tumepita hapo. Mimi wa kwanza walinitumia tikkie, ile meseji ya kukudai na linki ya kulipia, euro 2.60, ndio nikajua. Kama hawajakutumia bado ni watu wazuri, wanakusubiri Ijumaa.

Kuhusu bia ya njano, wewe uko jimbo la Brabant halafu unauliza kama kuna bia nyingine? Chukua baiskeli uende Berkel-Enschot, sio mbali na hapo ulipo, kuna abasia ya Koningshoeven. Watawa wake walitoka Ufaransa, wakapata eneo ambalo zamani lilikuwa mashamba ya mfalme Willem II na zizi la kondoo, na tangu 1884 wanapika bia ndio hiyo La Trappe. Anza na Blond au Dubbel ya asilimia 7, Quadrupel ni 10 na ni tamu inateleza, usiinywe kama pilsi utarudi unasukuma baiskeli. Na kuiendesha ukiwa umelewa ni kosa kisheria, kipimo cha damu ni kile kile cha magari, gramu 0.5 za kileo kwa lita, watu wanadhani baiskeli ni msamaha.

Vuli usikose bokbier, ni ya kahawia tamu tamu, inatoka majani yakianza kuanguka, kuna hadi tamasha lake la chama cha wanywaji kinaitwa PINT. Huku kwetu kusini kuna Brand ya Wijlre, Gulpener ya 1825, Hertog Jan ya Arcen. Wa kaskazini mwa mito mikubwa wanakunywa huku wanaangalia saa, sisi huku tuna carnaval, ile sherehe ya mitaani kabla ya Kwaresima. Siku hizo mji wako Tilburg unabadilishwa jina unaitwa Kruikenstad, mji wa mitungi, kwasababu zamani wafanyakazi wa viwanda vya sufu walikuwa wanakusanya mkojo kwenye mitungi wa kuoshea sufu. Ukipewa mtungi siku hiyo uliza kwanza kuna nini.

Mzee_wa_Mifereji

Vijana mnaongelea povu na carnaval tu, mji wa Amsterdam wenyewe umekuzwa na bia. 1323 mtawala wa Holland aliamuru bia ya Hamburg iingilie Amsterdam na kulipia ushuru pale, mji ukaanza kuota mbawa. Kwanini ya Hamburg? Kwasababu ilikuwa na hopsi, inakaa muda mrefu bila kuharibika. Huku walikuwa bado wanatia gruit, mchanganyiko wa majani ya porini, mmojawapo gagel unaota kwenye vinamasi, na haki ya kuuza gruit ilikuwa ya watawala, yaani kodi iliyofichwa kwenye chungu. Hopsi ilipoingia na wao wakajifunza, Haarlem, Gouda na Delft ikawa miji ya wapika bia. Ukipita Haarlem ingia Jopenkerk, kanisa la zamani limegeuzwa kiwanda na baa tangu 2010, wanapika kufuata resipe za mji za 1407 na 1501. Jopen lilikuwa pipa la lita 112.

Pale Amsterdam kulikuwa na gati la kushushia mapipa linaitwa Bierkaai na wabebaji wake walikuwa mabaunsa, ukigombana nao umekwisha. Mpaka leo Mholanzi akiona unahangaika na jambo lisilowezekana anasema unapigana na Bierkaai. Huyo aliyetaka ajaziwe glasi alikuwa anapigana na Bierkaai.

Halafu kuna watu watakuja kusema zamani walikunywa bia kwasababu maji yalikuwa machafu. Ni kweli nusu. Hiyo bia yenyewe inapikwa na maji, wapika bia wa Amsterdam walikuwa wanayafuata kwa majahazi mpaka mto Vecht kwasababu ya mifereji yao kuwa michafu, na kipupwe wanavunja barafu kwa jahazi linalovutwa na farasi. Ndio kazi hiyo kijana, sio kutoa tu glasi kwenye kabati. Baadaye kahawa, chai na jenever, ile pombe kali ya Kiholanzi, vikaipiga bia vibaya, mpaka Gerard Heineken akanunua kiwanda kilichochoka cha De Hooiberg 1864, ikaja bia ya kijerumani ya kuchachushia kwenye baridi, na 1886 mkemia Elion akawapatia hamira yao ya A. Hapo ndipo njano ilipoanza kutawala.

Kaunta_Utrecht

Mzee shikamoo, umemsahaulia kopstoot. Mgeni, hiyo jina lake ni pigo la kichwa, ni jenever na bia ya kuishushia. Jenever inajazwa mpaka imevimba juu ya ukingo wa glasi, hairuhusiwi kuinua kwa mkono, unainama na mikono nyuma unafyonza ya kwanza. Usianze nayo Ijumaa hii tafadhali.

Na kuhusu La Trappe, dada wa Limburg ameruka kitu. 1999 walipoteza ile nembo ya Watrappisti, yaani ya bia inayosimamiwa na watawa wa shirika hilo, kwasababu uendeshaji waliuingiza kwa Bavaria, kampuni ya Lieshout, wakaambiwa watawa sio wasimamizi tena. Ilirudi 2005. Kwahiyo ukibishana na Mbelgiji kuhusu hiyo usiende mikono mitupu, wanaikumbuka vizuri sana.

Sinywi_Ila_Nipo

Naomba niseme na mimi maana hawa watakuvuruga. Mimi sinywi kabisa, dini yangu hairuhusu, na vrijmibo naenda kila wiki mwaka wa sita sasa. Hawana shida yoyote, agiza 0.0, bia isiyo na kileo, ila kama na wewe unaikwepa hata hiyo kwasababu inaitwa bia chukua tonic, hakuna atakayekuuliza. Kama yupo mwenye gari wanamwita Bob, yule aliyekubali kutokunywa arudishe wenzake, sema leo mimi ni Bob basi mjadala umefungwa. Ila Bob naye ananunua rondje! Kutokunywa kwako sio kutokulipa, hapo ndipo wengi wetu tunakosea.

La pili, bitterballen. Ni vidonge vya mchuzi mzito wa nyama vimekaangwa, unachovya kwenye haradali. Ndani ni lava, mng'ate nusu usubiri. Na uulize ni nyama gani kama unajali, mara nyingi ng'ombe lakini uliza.

La tatu kitambulisho tembea nacho, umri ni 18 tangu 2014 na dukani ukionekana una chini ya 25 wanadai, mi nina ndevu na bado naulizwa. Na ukinunua kreti ya nyumbani usitupe chupa, kila pijpje, ile chupa ndogo, ukiirudisha unarudishiwa senti 10, zipo 24, kreti yenyewe 1.50, jumla umetupa 3.90, ni zaidi ya hiyo glasi uliyolilia.

Mgeni_wa_Tilburg

Wakuu mrejesho. Leo tulikuwa nane mezani. Nimefika tu sijakaa hata koti sijavua nikasema rondje ni yangu, wakapiga makofi, mmoja akasema kwa kiholanzi kitu nikaambiwa tafsiri yake ni "ameamka". Euro 28 zimeondoka mara moja ila nimeangalia yule kaka anavyofyeka povu nane mfululizo bila kumwaga tone, kwa kweli ni fundi. Vidole viwili nimepima mwenyewe.

Kopstoot sijagusa. Bitterbal nimeing'ata nzima, kwahiyo sasa hivi ulimi hauna kazi, ndio maana naandika.