Je, mwanafunzi wa chuo akope ili ajenge jina kwenye CRB, mashirika yanayotunza kumbukumbu za wakopaji?

Mwanachuo wa Eldoret ameuliza:

Hamjambo nyote. Mimi ni msichana wa miaka ishirini, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja hapa Eldoret. Sehemu ya karo yangu inatokana na mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, na sehemu nyingine inalipwa na wazazi wangu, ambao wanategemea mauzo ya maziwa. Tangu nilipopata kitambulisho nimetumia Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa wa kujazia salio lisilotosha, mara chache tu, nauli iliponipungukia, na sijawahi kukopa kwenye programu yoyote ya simu.

Muhula huu, mwenzangu tunayekaa naye chumba kimoja amenishauri nianze kukopa M-Shwari, mkopo wa benki unaochukuliwa kwa simu, kila mwezi na kulipa mapema, hata kama sina haja ya pesa hizo, kwa sababu anaamini kwamba mtu akimaliza chuo bila historia yoyote ya mikopo hakuna benki itakayomsikiliza. Mwenzangu huyohuyo ana deni la zamani ambalo limemfanya anyimwe mikopo kwa laini yake, na ameniomba nimkopee shilingi 3,000 kwa laini yangu, atanirudishia HELB ikiingia. Mama yangu naye amenikanya nisikope hata senti moja, nisije nikaorodheshwa CRB. Nampenda mwenzangu na namheshimu mama, lakini nahisi kwamba hakuna kati yao aliyenieleza jambo hili kikamilifu. Naomba mwongozo wenu.

Afisa Mikopo, Nakuru, amejibu:

Dada, nimefanya kazi katika dawati la mikopo la Sacco, yaani chama cha akiba na mikopo, kwa miaka tisa, na ningependa kwanza nikuondolee hofu moja. Watu wengi husema "kuwekwa CRB" kana kwamba ni adhabu, ilhali kila aliyewahi kukopa benki ana kumbukumbu huko. Kanuni za mwaka 2013 ziliruhusu taarifa nzuri na mbaya za wakopaji kukusanywa pamoja, kwa hiyo mtu aliyelipa kwa wakati ameandikwa kwamba amelipa kwa wakati. Benki Kuu ya Kenya imeyapa leseni mashirika matatu ya kazi hiyo, yaani TransUnion, Metropol na Creditinfo, na kila moja lina namna yake ya kukadiria mkopaji. Metropol, kwa mfano, humpa mtu alama kati ya 200 na 900. Linaloumiza ni kuandikwa kwamba umeshindwa kulipa.

Kuhusu kukopa bila haja, tufanye hesabu pamoja. M-Shwari ilipoanzishwa Novemba 2012, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku thelathini. Kwa kiwango hicho, ukikopa shilingi 2,000 unalipa 150 juu yake, kabla hata ya kuhesabu ushuru wa serikali. Ukirudia kila mwezi kwa mwaka mmoja utakuwa umetoa shilingi 1,800, karibu sawa na pesa ulizokuwa unakopa, na mkononi hutakuwa na kitu isipokuwa limiti, yaani kiwango cha juu unachoruhusiwa kukopa, iliyoongezeka. Limiti kubwa huwafurahisha vijana wengi, lakini ninapopima ombi la mkopo siitazami hiyo. Natazama kama kuna siku alizochelewa, anadaiwa wapi kwa sasa, na kipato chake kinatosha kubeba deni jipya au hakitoshi. Nikiona mtu amekopa kwenye programu nne ndani ya wiki moja, hata kama zote amezilipa, ninamwita nimuulize kuna nini.

Tena umesahau kwamba tayari wewe ni mkopaji. HELB ni mkopo, una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na unatakiwa kuanza kuulipa ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Historia unayoitafuta itajengwa hapo, kwa deni ambalo lilikuwa na sababu ya kuwapo.

Mhitimu wa 2017 amejibu:

Naomba nizungumzie lile ombi la shilingi 3,000, kwa maana limenigusa. Nilipokuwa mwaka wa mwisho nilimkopea rafiki yangu shilingi 1,500 kwa jina langu kwenye programu ambayo sitaitaja. Tulikuwa tumekula pamoja miaka mitatu na sikuona sababu ya kumshuku. Baada ya mtihani alienda kwao, mimi nikapoteza laini, nikasajili nyingine, na deni likabaki likiongezeka mahali ambapo sikuwa ninapaangalia. Wakopeshaji waliokuwa na orodha ya namba kutoka kwenye simu yangu walimpigia mjomba wangu, kisha mwalimu wangu wa zamani, wakiwaeleza kwamba mimi ni mdaiwa sugu. Kanuni za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zimepiga marufuku tabia hiyo, lakini wakati huo sikuwa na pa kushtaki, na aibu ile siisahau.

Miaka miwili baadaye nilipata nafasi ya kazi iliyodai hati za kuthibitisha uadilifu kwa mujibu wa Sura ya Sita ya Katiba, na miongoni mwake kulikuwa na cheti cha CRB na hati ya HELB. Nikakuta nimeorodheshwa. Nililipa siku hiyohiyo, lakini hati ilichelewa na nafasi ikaenda kwa mwingine. Mbaya zaidi, kulipa hakufuti: deni huonyeshwa kuwa limelipwa, ila ile rekodi ya kushindwa kulipa hubaki kwenye kumbukumbu kwa miaka mitano baada ya hapo.

Tangu mwaka 2020 Benki Kuu imezuia watu kuorodheshwa vibaya kwa madeni yasiyofika shilingi 1,000, na hiyo ni nafuu kwa wanafunzi, lakini 3,000 imeshavuka kiwango hicho. Mkopo unafuata namba ya kitambulisho chako, haumjui mwenzako wala ahadi zake. Kama unaweza kumsaidia, mpe kidogo ulicho nacho na uhesabu kwamba huenda kisirudi. Jina lako usimwazime.

Mama Mwalimu amejibu:

Binti yangu, nakubaliana na waliotangulia, ila nataka kumtetea mama yako kidogo. Waliokulia katika nyumba za kuuza maziwa wanajua kwamba kukopa harusi, kulipa matanga, na hofu yake ina msingi. Hata hivyo, kuna njia ya kujenga sifa ya kukopesheka inayoanza na akiba. Sacco nyingi humkopesha mwanachama hadi mara tatu ya akiba yake, na huangalia kama amekuwa akiweka kila mwezi bila kukosa. Ukiweka shilingi 300 kila mwezi kuanzia sasa, utafika mwaka wa nne ukiwa na akiba na rekodi ya uaminifu. Kama wazazi wako hupeleka maziwa kwenye chama cha ushirika, waulize kama kina Sacco inayopokea watoto wa wanachama.

Lakini ukishajiunga, watakuja watu kukuomba uwe mdhamini wao. Usikubali ukiwa bado mwanafunzi. Mdhaminiwa asipolipa, akiba yako ndiyo itakayokatwa.

Mwanachuo wa Eldoret amejibu:

Nawashukuru sana, hasa kaka uliyetueleza jambo lililokuumiza. Jana jioni nilizungumza na mwenzangu, nikamwambia kwamba sitakopa kwa ajili yake, nikampa shilingi 400 niliyokuwa nayo. Alinyamaza kwa muda, na sidhani kama amenielewa bado. Nimebakiwa na swali moja: ile Fuliza niliyotumia mara chache, je, inaweza kuwa imeniharibia bila mimi kujua?

Afisa Mikopo, Nakuru, amejibu:

Ikiwa ililipwa, haijakuharibia, na kwa kawaida hujilipa yenyewe kwa sababu pesa yoyote inayoingia kwenye M-Pesa hukatwa kwanza. Tatizo la Fuliza kwa mwanafunzi ni kwamba ina ada ya asilimia 1 unapoichukua na kisha ada ya kila siku kadiri deni linavyokaa, kwa hiyo asiyetarajia pesa kuingia upesi asiiguse.

Usibaki kukisia, hata hivyo. Kila mkopaji ana haki ya kupewa nakala moja ya ripoti yake bila malipo kila mwaka kutoka kwa kila shirika. Iombe, uisome jina kwa jina na deni kwa deni. Ukikuta mkopo usioutambua, andika pingamizi kwa shirika lililotoa ripoti na kwa mkopeshaji aliyetajwa, ukiambatisha ushahidi kama vile ujumbe wa M-Pesa wa kulipa, na ubaki na nakala. Jambo la mwisho ni kuhusu laini: ukibadilisha namba, ipeleke mpya kwa HELB na kwa kila unayedaiwa naye, maana mkopeshaji anapaswa kukutumia ilani siku thelathini kabla ya kukuorodhesha vibaya, na ilani iliyotumwa kwa namba uliyoiacha hutaiona.