Naomba ushauri: mlango wa sehemu ya tatu haumtishi mtu

Mtoto_wa_Katuba: Jambo yenu wakubwa. Nafanya montaji, yaani kukata na kuunganisha picha, ya tamthilia ya kutisha hapa Lubumbashi. Kamera moja, ya kukodi. Dada anausogelea mlango, unafunguka, anapiga kelele. Nikikata mapema hakuna anayeshtuka, nikichelewa watu wanacheka. Kimya kidumu kiasi gani? Jumamosi nakabidhi, usingizi umeniruka.

Fundi_Kamalondo: Tatizo si kimya. Unaonyesha mlango mno, mtazamaji ameshaujua. Ganda kwenye uso wa dada. Bawaba ilie kabla mlango haujaonekana, fremu 6 hivi (picha moja moja za video), kisha kata akiwa bado anavuta pumzi. Muziki uondoe kabisa.

Mama_Ruashi: Mimi hizo filamu nimezipiga marufuku kwangu. Kitinda mimba wangu aliona moja kwa jirani, akagoma kwenda chooni peke yake. Sasa namsindikiza mimi, usiku wa manane. Vijana, tungeni vitu vya kujenga.

Yaya_Kenya: Mdogo wangu, kelele yenyewe ikoje? Hapo umepita mbio.

Mtoto_wa_Katuba: Kelele ni kali, yaya. Ni ya kweli. Taa ilimwangukia begani. Ameomba niitoe. Lakini ni fremu 18 tu, na sisi tunakwenda 25 kwa sekunde. Bosi ameshaipenda. Nimeshaiweka.

Yaya_Kenya: Kumbe umekuja kutafuta baraka.

Fundi_Kamalondo: Kwenye filamu ya Psycho ya Hitchcock, 1960, sauti ya kisu bafuni ni tikiti linalochomwa, damu ni shira ya chokoleti. George Tomasini, mhariri wake, alikatakata vipande vifupi mpaka watu wakaapa wameona kisu kikizama mwilini. Kelele inarekodiwa upya: gari limefungwa vioo, nguo nzito pembeni, basi.

Shahidi_Macho: Ngojeni kwanza. Taa imeanguka, picha imebaki na mwanga? Na nani alikuwa akiendelea kupiga picha? Hii stori ya kutunga.

Mtoto_wa_Katuba: Iliyoanguka ni ya nyuma, ya mbele ilibaki. Kamera ilikuwa kwenye stendi yake, hakuna aliyekumbuka kuizima. Sote tulimkimbilia. Fremu ya 19 mikono yetu inaingia, ndiyo maana nimekata pale.

Mama_Ruashi: Mwanangu, bega lake limepona?

Fundi_Kamalondo: Mjibu mama kwanza. Maikrofoni ninayo, niandikie faraghani kabla ya Ijumaa.