Taa za bwawa za LED zimekufa ndani ya wiki tano, na sasa naletewa taa ya volti 230 niitie majini

Ndugu wanajukwaa, assalaam alaykum.

Naandika nikiwa na hasira niliyojaribu kuipoza kwa siku tatu ikakataa kupoa, kwa hiyo mnistahamilie nikirefusha. Duka lililoniuzia taa na fundi waliyenipa sitawataja majina kwa sasa, kwa sababu dai langu bado liko mbele yao.

Nyumba yangu iko Chukwani, hapa Unguja. Bwawa halikuwa wazo langu. Mwanangu aliyeko Maskati ndiye aliyetaka wajukuu wapate pa kuogelea wakija likizo, nami ndiye niliyebaki kulilisha klorini na umeme. Ni bwawa dogo la mita 8 kwa 4, lenye taa mbili za halojeni za volti 12, wati 300 kila moja, na kila taa ina transfoma yake ya kushusha volti ndani ya kisanduku kilichofungwa kwenye ukuta wa banda la pampu. Zikiwaka kwa muda wa saa 5 usiku mmoja zinakula yuniti 3, yaani yuniti 90 kwa mwezi, na anayenunua umeme wa tukuza, yaani wa kulipia kabla, kwa fedha zake anajua uzito wa yuniti 90. Za LED nilizouziwa ni za wati 18, na kwa muda huo huo zote mbili hazifiki yuniti 6 kwa mwezi. Hesabu hiyo sina ugomvi nayo, na naomba asije mtu hapa akanishauri nirudi kwenye halojeni.

Ugomvi wangu unaanzia dukani. Nilitoa shilingi 280,000 kwa kila taa, na swali pekee nililoulizwa na muuzaji lilikuwa kama nataka nyeupe au za kubadilisha rangi. Hakuuliza transfoma zangu ni za aina gani, hakuuliza waya una urefu gani kutoka bandani hadi bwawani, wala hakuuliza bwawa linatumia dawa gani ya maji. Akaandika risiti, akaniambia fundi atakuja kesho yake asubuhi na kwamba kazi ni ya nusu saa.

Fundi alikuja adhuhuri, na kitu cha kwanza alichokishusha kutoka kwenye gari ni pampu ya kunyonya maji. Nilimuuliza ya nini. Akanijibu, "Bi mkubwa, taa haifunguliwi ndani ya maji, hayo tuachie sisi mafundi." Mimi nimesomesha fizikia skuli kwa miaka 23, lakini nilinyamaza kwa kudhani kwamba mwenye kazi yake anaijua zaidi, na kunyamaza kwangu kulinigharimu. Taa ya bwawa hufungwa ikiwa na waya wa ziada uliozungushwa nyuma yake ndani ya tundu, ili mtu azime umeme, afungue skrubu ya juu, aivute taa hadi ukingoni na kuifanyia kazi kwenye sakafu kavu. Hakuna tone la maji linalohitaji kutolewa. Yeye aliteremsha maji sentimita 70, ambazo kwa bwawa la ukubwa huo ni zaidi ya lita 22,000, akazimwaga kwenye migomba ya jirani, na kurudisha maji hayo kwa boza nikalipa mimi. (Kwa wenye mabwawa katika ardhi yenye maji ya karibu: kuna mabwawa yaliyomwagwa namna hii wakati wa masika yakainuliwa na maji ya chini na kupasuka. Mimi nimesalimika na hilo tu.)

Kisha, kabla maji hayajarudi, akaziwasha taa zote mbili zikiwa zimening'inia hewani ili apige picha za kumpelekea tajiri wake. Ziliwaka kwa takriban dakika ishirini. Taa hizi hupozwa na maji yanayozizunguka, na kwenye boksi lake pamechorwa kabisa alama ya kukataza kuiwasha nje ya maji. Ikiwa dakika hizo hazikuziua, basi hazikuzipa afya.

Wiki ya tano, taa ya upande wa kina ikaanza kupepesa kila ifikapo saa tano usiku, yaani wakati watu wengi wameshazima vyao na umeme wa mtaani umepanda. Siku ya pili nusu ya vitone vyake vya LED vikawa havitoi mwanga, na siku ya tatu ikazima moja kwa moja. Ya pili ikaifuata baada ya siku nne. Niliporudi dukani, kabla hata sijaiweka taa juu ya meza, nikaambiwa kuwa imeingia maji na kwamba dhamana ya mwaka mmoja haihusu taa iliyoingia maji.

Taa ile haina pa kuingia maji. Si ya kioo chenye uwazi ndani kama zile za zamani. Imejazwa gundi ngumu ya kupenyesha mwanga kuanzia nyuma hadi usoni, na vitone vya LED vimezama humo. Niliirudisha nyumbani nikaigeuza chini ya taa ya jikoni kwa miwani yangu ya kusomea. Hakuna ukungu, hakuna kutu, hakuna tone. Nilichokiona ni alama nyeusi katikati ya vitone sita au saba, kila moja kama punje ya pilipili manga iliyosagwa nusu. Hiyo ni LED iliyoungua kwa kupewa umeme kupita kiasi, si iliyolowa.

Nikaenda bandani na kufungua kisanduku cha transfoma. Ndani mna vituo vinne vya kuungia waya, vilivyoandikwa volti 0, 12, 13 na 14, na waya wa taa umekazwa kwenye 14. Juu ya skrubu hiyo palikuwa na utando wa buibui mzima, haujaguswa. Huyo fundi aliyeniambia nimwachie hakukifungua kisanduku kile hata kwa kuchungulia.

Waya kukaa kwenye 14 hapo awali halikuwa kosa. Taa ya halojeni ya wati 300 kwa volti 12 inavuta ampea 25, na mzigo huo ukipita kwenye waya wa mita 15 kwenda na 15 kurudi, volti mbili hivi hupotea njiani hata kama waya ni mnene wa milimita mraba 6. Aliyejenga bwawa alifahamu hivyo, akatoa 14 bandani ili 12 ifike majini. Taa ya wati 18 inavuta ampea moja na nusu tu, kwa hiyo karibu hakuna kinachopotea njiani, na transfoma kubwa ikibebeshwa mzigo mdogo hivyo hupandisha volti zake kidogo. Ongeza na umeme wetu wa usiku. Saa tano nilipopima kwenye ncha ya waya, mita ilisoma volti 15.4, kwa taa iliyoandikwa 12. Kuhamisha waya ule kutoka kituo cha 14 hadi cha 12 ni kazi ya bisibisi na dakika mbili, na ndiyo kazi pekee niliyokuwa na haja ya fundi. Kisiwani hapa, ambapo tulikaa gizani miezi mitatu kuanzia Desemba 2009 kwa hitilafu ya waya wa baharini, na ambapo kila nyumba ina friji iliyowahi kuungua, muuzaji wa vifaa vya umeme asiyeuliza habari za volti sijui anauza nini.

Hadi hapo ningeliweza kusema ni uzembe. Lakini Jumatatu fundi alikuja tena, kwa heshima zote, na taa nyengine mkononi, akasema tajiri amenihurumia na hii haina matatizo ya transfoma kwa sababu haihitaji transfoma. Nikaigeuza nyuma. Imeandikwa volti 230.

Taa hiyo angeiunga moja kwa moja na umeme wa nyumba na kuizamisha kwenye maji wanayoogelea watoto. Kanuni za kimataifa za ufungaji wa umeme, IEC 60364 sehemu ya 702, zinahusu mabwawa ya kuogelea, na taa ya umeme wa mkondo geu (AC) inayofungwa ndani ya maji haitakiwi kupita volti 12, tena kupitia transfoma iliyotenganishwa kabisa na umeme wa nyumba na kuwekwa mbali na bwawa. Sababu yake ni nyepesi: siku mpira wa kuzuia maji utakapochoka, volti 12 zitazima taa, na volti 230 zitaua mtu. Nilipomwambia hivyo akanijibu kuwa nyumba ina swichi ya kukata umeme unaovuja. Nikamtaka anionyeshe kitufe cha kuijaribia. Hakukijua kilipo.

Ninachodai ni shilingi 560,000 za taa, ujira wa fundi, na gharama ya maji ya boza. Nimewapa hadi Jumamosi, na baada ya hapo risiti, picha za kile kisanduku na maelezo haya yatakwenda Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar. Aliyewahi kupeleka dai la namna hii huko naomba anieleze alitakiwa kuambatanisha nini. Na yeyote aliyenunua taa za bwawa mjini miezi ya karibuni, tafadhali aangalie nyuma ya taa imeandikwa volti ngapi kabla watoto hawajaingia majini leo jioni.

Ile taa ya volti 230 imo kwenye ndoo, jikoni kwangu. Waje waichukue, na waje na fedha zangu.