Oda za wageni zinapotea kabla ya kulipa: nifanyeje na sesheni za PHP?

Mwana_Shela
Asalaam aleikum wadau. Natengeneza tovuti ya manahodha wa hapa Lamu. Mgeni anachagua safari, tarehe na idadi ya watu, kisha analipa. Yote naweka kwenye $_SESSION, yaani sesheni, kumbukumbu ya muda ambayo PHP (lugha ya programu ya tovuti) humwekea kila mgeni. Akimaliza haraka hamna shida, ila wengi huenda kwanza kushauriana na wenzao, na wakirudi baada ya nusu saa hivi oda haipo. Tena si mara zote! Nimeongeza umri wa kidakuzi (cookie, kile kijifaili cha kwenye kivinjari cha mgeni) hadi siku nzima, wapi. Msimu ndio huu, na wateja wanatuponyoka.

fundi_kodi
Waaleikum salaam. Kidakuzi kinabeba kitambulisho cha sesheni tu, kwa jina PHPSESSID. Data yenyewe iko kwenye seva, kwa kawaida ndani ya faili. Tazama session.gc_maxlifetime, mpangilio wa muda wa data hiyo kuishi: PHP huja na 1440, nazo ni sekunde, yaani dakika 24. Faili lililokaa zaidi ya hapo bila kuguswa huhesabiwa taka. Usafishaji wenyewe huendeshwa kwa bahati. Kwa mipangilio ya msingi ni ombi 1 kati ya 100. Ndiyo maana mmoja anapoteza, mwingine anasalimika.

Bi_Data
Na kama seva unachangia na wengine na mafaili ya wote yanakaa /tmp (folda ya mafaili ya muda), tovuti ya jirani yenye muda mfupi itakufutia na yako. Weka session.save_path (folda ya mafaili ya sesheni) yako mwenyewe, nje ya folda inayoonekana mtandaoni.

kaka_wa_Malindi
Mimi nasema oda isikae kwenye sesheni kabisa. Iandike kwenye hifadhidata mara tu mgeni anapochagua, hali yake "haijalipwa", na sesheni ibaki na namba ya oda peke yake. Mpe pia kiungo chenye msimbo wa nasibu, bin2hex(random_bytes(16)), aweze kuendelea hata kwa simu ya mwenzake. Bei na saa zisome upya kila ukurasa unapofunguka. Safari ya Takwa, yale magofu ya kisiwa cha Manda, inangoja maji yajae. Saa ya jana ukiiacha kwenye sesheni, mgeni atafika gatini mashua haiwezi kupita mikokoni.

Mwana_Shela
Hilo la Takwa ni kweli tupu, ahsante kaka. Sasa oda isiyolipwa niishikilie nafasi hadi lini?

kaka_wa_Malindi
Hilo waulize manahodha. Wakisema kwa muda wa saa mbili, weka safu ya muda wa mwisho kwenye jedwali, na uikague kabla ya kupokea malipo.

fundi_kodi
Nao manahodha wakiingia kwenye akaunti zao, usisahau session_regenerate_id(true), ili wapewe kitambulisho kipya cha sesheni na cha zamani kisitumiwe na mtu mwingine.