Magurudumu ya kaboni kwa safari za Mombo–Lushoto: niyachukue au niyaache?

Mwana wa Tanga

Ndugu zangu, salaam. Nina baiskeli ya barabarani yenye breki za rimu, yaani padi zinabana rimu yenyewe, na magurudumu yake ya alumini, kwa mizani ya dukani, yana gramu 1,850 bila matairi. Kila mwisho wa mwezi mimi na wenzangu wawili tunapakia baiskeli kwenye gari hadi Mombo, tunapanda kupitia Soni hadi Lushoto, kilomita 30 na ushei, na alasiri tunateremka njia ileile. Kupanda kunanichukua saa 1 na dakika 50. Siku nyingine nakwenda Muheza na kurudi. Shemeji yangu aliyeko Muscat amepata jozi ya magurudumu ya kaboni yaliyotumika, rimu zenye kina (kimo kutoka kwenye tairi kuelekea spoki) cha milimita 50, gramu 1,420, na ananihimiza niyachukue kwa shilingi milioni moja na nusu kabla hajatokea mwingine. Mimi nina kilo 72. Je, hizo gramu 430 nitazihisi mlimani, na je, kuna jambo la kukagua kwenye kaboni iliyotumika ambalo mtu aliyezoea alumini hawezi kulijua?

Fundi wa Arusha

Kaka, tuanze na mizani, kwa kuwa ndiyo iliyokuvutia. Wewe, baiskeli, chupa za maji na vifaa vya pancha mnakaribia kilo 83. Gramu 430 ni nusu asilimia ya mzigo huo, na ikiwa miguu inatoa nguvu ileile, muda wa kupanda hauwezi kupungua kwa zaidi ya sehemu hiyohiyo, yaani sekunde 34 katika saa 1 na dakika 50. Tena utapata pungufu ya hapo, kwa sababu mlima wa Lushoto si mkali sana na sehemu ya nguvu zako inaliwa na hewa na matairi. Watu husema gramu moja ya rimu ni sawa na gramu mbili za fremu. Hilo ni kweli pale unapoongeza kasi tu, kwa mfano ukitoka kwenye tuta au ukimfukuzia mwenzako. Unapopanda kwa mwendo mmoja, gramu ni gramu popote ilipo.

Kinachonitia hofu ni kuteremka. Alumini husambaza joto la breki upesi na kulitoa hewani, lakini kaboni hulishikilia palepale padi inapobana, na nyuzi zake zimeshikamanishwa kwa rezini, yaani gundi iliyokauka, ambayo joto likizidi hulainika, wakati ambapo upepo wa tairi unazidi kuzisukuma kingo za rimu kwa nje. Kutoka Lushoto hadi Mombo unashuka karibu mita 1,000, na kona za chini ya Soni hazikupi nafasi ya kuachia breki kwa muda mrefu. Ukiyanunua licha ya hayo, tumia padi zilizotengenezwa kwa ajili ya kaboni, zikiwa mpya, kwa sababu padi iliyowahi kufanya kazi kwenye alumini imenasa chembe zinazokwangua rimu. Mipira ya ndani ya lateksi usiitie kabisa, kwani haivumilii joto hilo.

Kuhusu ukaguzi, mwombe shemeji yako avue matairi na agonge rimu nzima taratibu kwa ukingo wa sarafu. Mlio mkavu ni dalili njema. Mlio uliofifia, kama wa kugonga kadibodi, ni dalili kwamba matabaka yameachana.

Mpanda Ngong

Nauunga mkono ushauri wa Fundi, kwa sababu yamenikuta. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na jozi ya aina hiyo, nikateremka nayo barabara ya zamani ya Mai Mahiu nyuma ya lori ambalo sikuweza kulipita, hivyo nikawa nimeishika breki ya nyuma kidogo kidogo kwa dakika nyingi bila kuiachia. Kwanza nilisikia harufu ya gundi inayoungua, nikadhani ni breki za lori. Kisha wenzo wa breki ukaanza kudunda vidoleni, pigo moja kwa kila mzunguko wa gurudumu, na kabla sijafika pa kusimama mpira wa ndani ukapasuka kwa kishindo. Nashukuru kwamba lilikuwa gurudumu la nyuma. Nilipovua tairi niliona ukingo wa rimu umevimba kwa nje, kwenye sehemu yenye urefu kama upana wa kiganja, na ukucha wangu ukaingia kwenye ufa.

Hata kwa alumini, siku hizi nabana breki zote mbili kwa nguvu na kwa muda mfupi kabla ya kona, kisha naziachia kabisa ili rimu zipoe. Kuburuza breki nimeacha.

Binti Muheza

Mimi natumia rimu za kina cha milimita 50 kwenye barabara ya Tanga–Muheza, na sikatai kwamba kwenye tambarare, ukishapita kilomita 35 kwa saa, zinasaidia kukata hewa. Hata hivyo, kaka, usisahau kusi. Mwezi wa Juni na Julai, ukirudi Tanga, upepo unakupiga ubavu wa kulia, nawe bila kujijua unakuwa umeinamia upande huo ili uende sawa. Lori linapokupita kwa kulia linaukata upepo ghafla na unajikuta unavutwa kuelekea kwenye magurudumu yake. Likishapita, upepo unarudi kwa mkupuo na kukusukuma kwenye changarawe. Rimu ya mbele yenye kina kirefu ndiyo inayosumbua zaidi, kwa kuwa ndiyo iliyoshikamana na usukani. Mimi nimebakiza ya nyuma pekee, na mbele nimefunga rimu ya milimita 30.

Mkazi wa Moshi

Naomba kudandia mada. Baiskeli yangu ina breki za diski, na nimeona rimu za kaboni zisizo na kulabu za kushikia tairi. Je, zinafaa?

Fundi wa Arusha

Kwa diski, ambapo padi hubana sahani iliyo kwenye kitovu cha gurudumu, suala la joto la rimu linaondoka, kwa hiyo kaboni ni chaguo zuri zaidi kwako kuliko kwa mwenzetu. Ila rimu isiyo na kulabu ina masharti: upepo usizidi psi 72 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo kwenye geji ya pampu), na tairi liwe lile ambalo mtengenezaji wa rimu ameliidhinisha kwa upana huohuo. Mwezi Februari 2024, kwenye mbio za UAE Tour, tairi la mbele la mwendesha baiskeli Mbelgiji Thomas De Gendt lilichomoka kwenye rimu ya namna hiyo na akaanguka. Kama pampu yako haina geji unayoiamini, nunua zenye kulabu.

Mwana wa Tanga

Nawashukuru sana, hasa Dada Binti Muheza, maana hali hiyo ya malori naijua lakini sikuwahi kuihusisha na rimu. Shemeji amegonga kwa sarafu na kunitumia sauti iliyorekodiwa. Mlio unabadilika karibu na valvu kwenye magurudumu yote mawili, na kwenye la nyuma kuna sehemu nyingine iliyofifia, katikati ya spoki mbili, karibu na uso wa breki.

Fundi wa Arusha

Ya valvu isikutishe, kwa sababu hapo rimu hujengwa nene zaidi, ndiyo maana mlio unatofautiana. Cha kulinganisha ni valvu na valvu, spoki na spoki. Hiyo ya katikati ya spoki ndiyo mbaya. Mwambie shemeji ayaache, hata yakishushwa bei.

Kwa robo ya fedha hizo tafuta matairi mazuri ya milimita 28. Kabla ya kununua, jaza upepo matairi uliyonayo, kisha pima nafasi kati ya tairi na daraja la breki (sehemu ya breki inayopita juu ya tairi), mbele na nyuma, na pembeni kwenye uma. Tairi la 28 litapanda na kutanuka kwa milimita mbili au tatu kuliko la 25, nami siruhusu ibaki nafasi iliyo chini ya milimita 4, kwani kokoto moja iliyonasa hapo inatosha kufunga gurudumu. Nafasi ikitosha, kwa uzito wako anza na psi 75 badala ya 100. Niandikie vipimo ukishavipata.