Ushauri: mchezo wa kusaka hazina kwa mfano wa Krismasi ya 1914

Mwalimu wa Tudor
Assalaam alaikum, na habari zenu nyote. Likizo ya Desemba naandaa mchezo wa kusaka hazina kwa watoto wapatao 30 wa mtaani kwetu Tudor, hapa Mombasa, wenye umri wa miaka 9 hadi 13, Waislamu na Wakristo pamoja. Nataka uongozwe na kisa cha Krismasi ya mwaka 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, pale askari wa Kijerumani waliokuwa mahandakini karibu na Ypres, Ubelgiji, walipopanga miti midogo yenye mishumaa juu ya kingo za mahandaki na kuanza kuimba, Waingereza wakawaitikia kwa nyimbo zao, na kulipopambazuka wakatoka huku na huku wakakutana katikati, wakazika maiti na kubadilishana tumbaku, vyakula na vifungo vya makoti. Tatizo langu ni kwamba mchezo wa mwaka jana uligeuka kuwa mashindano matupu. Kundi lililoshinda liliwazomea wenzao, na mtoto mmoja akarudi kwao akilia. Nitahadithiaje amani ilhali nimewapanga watoto kushindana?

Bint Kibokoni
Mwalimu, waalaikum salaam. Anzia Ngome ya Yesu, kwa kuwa mbele yake ipo mizinga miwili inayokisema kisa chako kwa lugha ya hapa hapa Pwani. Mmoja ni wa Königsberg, manowari ya Kijerumani, na wa pili ni wa Pegasus, manowari ya Kiingereza ambayo Königsberg iliizamisha bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Königsberg nayo ikaishia katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915. Watoto hupanda mizinga hiyo kupiga picha bila kujua kwamba ilikuwa ya mahasimu. Wategee hivi: "Tulitupiana moto baharini, leo twaota jua mbele ya ukuta mmoja." Ninakuomba tu usifiche kitu chochote katika mianya ya mawe ya ngome, na uwaarifu mapema watu wa Makumbusho, kuta zile zimesimama tangu miaka ya 1590, nasi tumewekewa amana.

Skauti wa Zamani
Dawa ya mashindano ni kukata kila fumbo vipande viwili. Kundi la kwanza lipewe nusu ya kitendawili na kundi la pili nusu iliyobaki, kila moja lianzie upande wake wa uwanja wa Mama Ngina, na mahali pa kukutania pawe chini ya mbuyu mmoja mliokwisha kuuchagua. Pasipo kukutana, hakuna anayesonga mbele. Kundi likishindwa kutegua hutoa mji, kama tulivyofanya na bibi zetu, lakini hapa anayepewa mji analazimika kuwasaidia waliompa. Kila mtoto umpe kifungo cha rangi ya kundi lake, na sanduku la hazina lisifunguliwe mpaka kila mmoja awe amebadilishana kifungo na mtoto wa upande wa pili. Nimewahi kuongoza mchezo wa namna hii, na jambo lililonigusa ni kuona watoto wakigombea kusaidia. Anzeni saa moja asubuhi, maana jua la kaskazi halina huruma.

Mjukuu wa Mpagazi
Naunga mkono yote, ila nina sisitizo. Msiwaambie watoto kwamba vita vilikoma. Yapo maeneo ambayo risasi hazikunyamaza hata siku ile ya Krismasi, na makamanda wa pande zote mbili walipiga marufuku maelewano hayo yasirudiwe. Vilevile msiishie Ubelgiji. Mwezi Novemba mwaka huo huo, baada ya mapigano ya Tanga, maafisa wa Kiingereza na wa Kijerumani walikutana chini ya bendera nyeupe kupanga namna ya kuwahudumia majeruhi, na jeshi lililoshindwa likarejea hapa Mombasa. Babu yangu alichukuliwa upagazi, yaani kubeba mizigo ya jeshi, katika vita hivyo. Wapagazi waliokufa kwa maradhi na njaa walikuwa wengi mno, nao hawakuimbiwa wimbo wowote. Kituo kimoja kiwe kwenye sanamu ya Askari, Barabara ya Jomo Kenyatta, ambako maandishi yamechongwa kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Watoto wayasome kwa sauti, wakae kimya kidogo, kisha waendelee.

Mwalimu wa Tudor
Ahsanteni sana, na wewe Mjukuu wa Mpagazi, Mungu amrehemu babu yako. Nitafanya vituo vitatu: sanamu, mizinga, kisha mbuyu. Kwa kuwa Barabara ya Jomo Kenyatta ina magari mengi, nitatafuta wazazi wanne wa kuwasindikiza. Fundi cherehani jirani yangu ameahidi vifungo 30, 15 vyekundu na 15 vya buluu. Hazina itakuwa mabuyu na kashata katika kopo la bati, na kila pakiti ifungwe kwa ajili ya watoto wawili, mmoja wa kila rangi.