Joto hili, miguuni unavaa nini ukiwa kwenye pikipiki? Tupeane uzoefu

Mkazi wa Kimbiji
Wakuu, salaam. Jana pale Ferry tukisubiri pantoni, dada mmoja alishuka kwenye boda kwa upande wa kulia, shavu la mguu likalala kwenye ekzosi. Alikuwa na ndala na sketi ya magotini. Alipiga yowe hadi wauza karanga wakakimbilia, na ngozi ilishageuka nyeupe. Tangu jana picha ile hainitoki.

Mimi naendesha wikiendi tu, natoka Kigamboni kwenda Kimbiji, nikijisikia nafika hadi Pemba Mnazi. Kipande lami, kipande vumbi na mchanga. Jua la Dar la Januari na Februari mnalijua, nyuzi 32 na unyevu wa bahari juu yake. Buti la kilo mbili silitaki, ndala ndiyo kabisa. Nyie mnavaa nini? Na aliyepatwa na lolote asimulie, tusaidiane.

Dereva Tabata
Mkuu umegusa penyewe. Mimi kazi yangu ni boda, toka alfajiri mpaka usiku, na nilishaamua: raba ya shingo ndefu, soksi ya pamba, basi. Joto lipo lakini linavumilika, upepo unapita ukiwa kwenye mwendo. Shida ni foleni tu, pale injini inakupulizia moto miguuni na huendi popote.

Jambo ambalo wengi hawalijui: kiatu cha kushoto hufa kabla ya cha kulia. Kila ukinyanyua gia kwa mgongo wa mguu unakisugua palepale juu ya vidole. Mimi hukata kipande cha tyubu ya baiskeli, nakwangua kitambaa cha kiatu kidogo, nabandika kwa gundi ya viraka. Kikiisha nabandika kingine. Kiatu kinadumu.

Mama Wawili
Alama ninayo, mguu wa kulia. Nusu ya wanawake wa mtaani kwetu wanayo.

Katambuga Asilia
Mnajitesa bure na jua hili. Vaeni katambuga. Soli ni tairi lenyewe, haiishi upesi, haichomwi kirahisi na mwiba, mguu unapumua. Kuanzia Longido mpaka Monduli watu wanaendesha na katambuga mwaka mzima kwenye vumbi na mawe, hamjawahi kusikia wakilia fangasi.

Dodoma Makulu
@Katambuga Asilia soli sawa, na huko juu je? Enka inakingwa na nini? Pikipiki ikikulalia, kinachoanza kugusa chini ni goti na kifundo cha mguu. Soli ya tairi itakuwa inatazama angani wakati huo.

Katambuga Asilia
Kwani lazima uanguke? Endesha taratibu.

Dodoma Makulu
Hakuna anayepanga kuanguka. Huku kwetu mchanga unamwagika barabarani kila siku. Shemeji yangu alisimama tu kwenye kona, mwendo sifuri, akatoa mguu chini na moka yenye soli laini. Mguu ukateleza, pikipiki ikaenda nao, kifundo kikavunjika. Mwendo sifuri, mkuu. Sasa taratibu zaidi ya hapo ni ipi?

Mwana Likoni
Salamu kutoka Mombasa. Huku katambuga twaziita akala, na mimi nazipenda sana kwa kwenda msikitini na sokoni, lakini kwa pikipiki la. Kamba yake ikikatika uko mwendoni, mguu wabaki mtupu juu ya kikanyagio. Mimi navaa Safari Boots za Bata, zile za ngozi ya suedi. Zafika juu ya kifundo kidogo tu, nyepesi, na hazina mambo mengi. Ubaya wake, mvua ikizinyeshea zakauka polepole na zabadilika rangi.

Mnyalu wa Ilula
Nimesoma habari ya dada wa Ferry nikakumbuka siku ya Kitonga. Ni ndefu, mnisamehe.

Tulikuwa tunatoka Iringa mjini kwenda Mikumi kwenye msiba, mimi na kaka yangu. Yeye anaendesha, mimi nyuma na begi. Anayeijua njia ile anajua hali yake: Iringa asubuhi baridi unavaa koti, ukifika Ilula jua limeshachoma, na ukiteremka Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni unaingia kwenye joto la mibuyu na vitunguu, hewa kama ya tanuri. Basi pale Ilula kaka akasema miguu inaiva. Akavua buti, akayatia begini, akavaa yeboyebo. Zile za plastiki zenye matundu, na ule mkanda wa nyuma ya kisigino. Mkanda wenyewe akauzungushia mbele, alivyozoea nyumbani.

Tukaanza kushuka mlima. Mbele yetu semi lililobeba shehena, limewasha hazadi, linajikongoja kwa gia ndogo. Kaka anakanyaga breki ya mguu kidogo kidogo, miguu imeshatota jasho ndani ya plastiki. Kwenye kona moja semi likapunguza ghafla. Kaka akakanyaga kwa nguvu, mguu ukateleza mbele ndani ya kiatu, akataka kuunyanyua akanyage upya. Haukunyanyuka. Ule mkanda ulikuwa umeingia kwenye ncha ya pedeli ya breki. Mimi nilikuwa naangalia chini, niliuona kwa macho yangu: ameuvuta mguu, mguu umetoka mtupu, yeboyebo imebaki inaning'inia kwenye pedeli na imegeuka, imejikunja chini yake. Hata akikanyaga, pedeli haishuki.

Breki ya mbele ilikuwepo lakini ya ngoma, siyo kali kama ya diski, na tupo wawili, na tupo mlimani. Akashusha gia, injini ikalia. Bamba la nyuma la semi linakuja. Akanambia "Shika!" akaupeleka usukani kwenye mtaro wa pembeni.

Mtaro ule ni wa mawe na saruji. Pikipiki ililala upande wa kulia ikaburuzika. Mimi nilitoka na michubuko mikononi. Yeye mguu wa kulia, ule mtupu, ulibanwa kati ya kikanyagio na ukingo wa mtaro. Kidole kidogo kilikuwa kinashikiliwa na ngozi tu, na kisigino kimechunika mpaka unaona weupe. Utingo wa lori lililokuwa nyuma yetu ndiye aliyeruka na dumu la maji na kitenge. Wakatupakia kwenye kibini kurudi juu.

Kidole hakikuokolewa. Na buti zilikuwa begini, mgongoni kwangu, muda wote.

Dereva Tabata
Pole sana mkuu. Mwili umenisisimka.

Mama Wawili
Jamani! Kaka yako yukoje sasa?

Mnyalu wa Ilula
Anatembea vizuri, dada. Kupanda pikipiki amerudi. Yeboyebo hazivuki tena mlango wa nyumba yake, hata watoto kawakataza.

Mzee wa Hoja
Mimi sijaelewa. Yeboyebo inanasaje kwenye pedeli? Pedeli ya breki ni bapa. Hii stori ina chumvi.

Mnyalu wa Ilula
Pedeli ni bapa kwa juu, mkuu, lakini ncha yake inatokeza mbele na chini yake pana nafasi. Kazungushe mkanda wa yeboyebo kwa mbele, upake mguu maji, kisha kaa kwenye pikipiki iliyosimama kwa stendi kubwa, uusukume mguu mbele kwa nguvu. Utaona mwenyewe mkanda unapoishia. Sikuja hapa kuuza stori, kaka yangu hana kidole.

Fundi Spoku
Inanasa. Mimi ni fundi pikipiki, nishatoa kamba za viatu, mikanda ya sendozi na shanga kwenye pedeli, kwenye kiki na kwenye cheni. Mzee wa Hoja mwache mwenzio.

Na nyie mnaovaa raba za kamba, fundo likishafungwa ncha zake zichomeke ndani, usiache masikio mawili yananing'inia upande wa kushoto kwenye gia.

Mzee wa Hoja
Nimekuelewa fundi. Pole Mnyalu.

Nesi wa Zamu
Naomba nichangie kwenye kuungua, maana makosa ni yaleyale kila siku. Ukigusa ekzosi, maji ya bomba ya kawaida yanayotiririka, dakika 20. Ishirini kweli, siyo kuchovya na kutoa. Barafu usiweke. Dawa ya meno, siagi, yai, unga, oili ya injini, vyote acha, vinazuia joto kutoka na sisi tunapata kazi ya kuvikwangua. Lengelenge usilipasue. Funika kwa kitambaa safi, nenda kituo cha afya, na ulizia chanjo ya pepopunda.

Kama plastiki ya kiatu imeyeyuka ikagandia kwenye ngozi, usiibandue. Mwagia maji hivyohivyo, uje nayo.

Na wenye kisukari nawasihi: miguu yenu inaweza isihisi moto wala mchubuko kwa wakati. Kwenu nyie kiatu cha kufunika siyo suala la kuchagua.

Mama Wawili
Asante sana nesi. Mimi nilipakwa dawa ya meno na mama mkwe, kovu ndilo hili.

Niongeze upande wetu abiria, maana hapa mnaongea madereva tu. Ekzosi za boda zetu karibu zote ziko kulia. Panda kushoto, shuka kushoto, hata kama kulia ndiko kuna kivuli. Kikanyagio cha abiria cha kulia kiko jirani na ekzosi, kwa hiyo usirudishe kisigino nyuma, ndala inalala pale inaanza kuyeyuka bila wewe kujua mpaka usikie harufu. Viatu vya kuchomeka, vile bapa vya ofisini, vinachopoka. Mimi hubeba vya ofisini kwenye mkoba, njiani navaa raba. Na dera au baibui likusanye ulikalie, spoku haziangalii bei.

Fomeni wa Saiti
Mbona hamtaji buti za usalama? Zipo kila mahali, zinafika juu ya enka, zina chuma mbele. Nazivaa kazini, nazivaa kwenye pikipiki, zimeisha hoja.

Mzee wa Hoja
Chuma kile lori likikukanyaga kinakunjika kinakukata vidole. Kila mtu anajua.

Fomeni wa Saiti
Kila mtu anajua vibaya. Buti halisi la kiwango cha kimataifa cha ISO 20345 linapimwa kwa pigo la joule 200, karibu sawa na kuangushiwa kilo 20 toka urefu wa mita moja. Uzito wa kukikunja chuma kile, bila chuma ungekuwa umeshapondwa vidole vyote. Unachotakiwa kuogopa ni buti feki.

Fundi Spoku
Fomeni uko sahihi kuhusu chuma, ila kwa kuendesha lina tatizo jingine. Pua yake ni nene, haiingii chini ya gia, unajikuta unanyanyua mguu mzima. Na soli nene inakunyima hisia ya breki, unakanyaga hujui umekanyaga kiasi gani. Dawa ya gia ipo: mkono wa gia umekaa kwenye meno. Fungua boliti moja, uchomoe, uupandishe jino moja, ukaze. Kazi ya dakika chache, fundi yeyote atakufanyia. Ukirudia raba, unarudisha.

Mjomba Muscat
Nipo Oman, huku kiangazi ni nyuzi 45 na zaidi, lami yenyewe ukiweka kiganja hukiachi. Ndugu zetu wanaosambaza chakula kwa pikipiki wote wamefunga miguu. Joto likiwa kali kiasi hicho, upepo wenyewe ni wa moto, mguu wazi unaungua zaidi kuliko uliofunikwa. Shida yetu ni gundi: soli za kubandika zinaachia. Tafuta iliyoshonwa.

Fundi Viatu Tandika
Mjomba kasema kweli. Leta kiatu chochote kwa fundi, mwambie ashone pembeni mzunguko mzima, uzi wa nailoni uliopakwa nta. Usisubiri kiachie kwanza. Na usikianike juani baada ya safari, kianike kivulini penye upepo, toa soli ya ndani ianikwe peke yake. Ukiwa na jozi mbili za kubadilisha, harufu na fangasi utavisikia kwa jirani.

Katambuga Asilia
Poda ya mtoto ndani ya soksi nayo inasaidia. (Nimesoma ya Kitonga mara mbili. Katambuga nabaki nazo za nyumbani.)

Dereva Tabata
Poda inagandana ikikutana na jasho, unatembea na uji. Badili soksi mchana, inatosha.

Dodoma Makulu
Mimi poda inanifaa. Labda kwa sababu huku hewa ni kavu.

Mkazi wa Kimbiji
Wakuu nimenufaika, na Mnyalu poleni sana na kaka. Kwa hiyo nimeamua kutafuta buti nyepesi la kitambaa au suedi, linalopita enka, pua nyembamba, soli yenye meno lakini siyo nene, kisha nilipeleke kwa fundi lishonwe. Jumamosi naingia Karume kwenye mitumba. Niangalie nini zaidi?

Fundi Viatu Tandika
Wahi asubuhi kabla ya wachuuzi kuchagua. Likunje kwa nguvu katikati, uangalie soli: ikitoa nyufa nyeupe, rudisha, mpira umezeeka hata kama juu linang'aa. Minya enka pande zote mbili usikie kama pana kitu kigumu ndani au ni kitambaa kitupu, chukua lenye kigumu. Nenda na soksi utakazovaa, na ujaribu ukiwa umechuchumaa, maana kwenye pikipiki goti linakunjwa na shingo ya buti ndipo inapouma.

Mwana Likoni
Na ukikosa huko Karume, jamaa yeyote akija Mombasa mwagize Kongowea, buti za aina hiyo hazikosi. Namba ngapi wavaa?

Mkazi wa Kimbiji
42, mkuu. Nashukuru, nikikosa nakutafuta.